Tuta la Wifi

Kwa miaka ishirini na miwili Mkasi alitunza bustani ya hospitali. Jina hilo alipewa na manesi kwa jinsi alivyopogoa ua. Ukiutazama, ungedhani umepigwa rula. Hospitali ilipompeleka kwenye darasa la bustani isiyotumia sumu, kila Jumamosi nyuma ya maktaba, alikwenda kifua mbele. Kosa lake lilikuwa moja tu: alimwalika wifi yake, mke wa kaka yake, fundi cherehani ambaye jembe alilijua kwa kuliona.

Kila mwanafunzi alipewa tuta lake la kabichi. Wiki ya nne mwalimu akasimama kwenye tuta la wifi. "Njooni wote muone!" Akachota mboji kiganjani, akainusa kama mkate uliotoka kuokwa. Kisha akatupia jicho tuta la jirani, la Mkasi, ambako kabichi zilijaa vidukari. "Vumilia, mama. Wadudu wanaowala hawa watakuja wenyewe."

Vumilia! Yeye wa kuambiwa hivyo mbele ya fundi cherehani!

Jumatano, alipotoka kazini, akapitia pale na pampu ya dawa ya wadudu kutoka stoo ya hospitali. Akapulizia tuta lake harakaharaka. Upepo ukabeba nusu ya dawa hadi kwa wifi. Aliuona. Angeweza kuacha, lakini akaendelea mpaka pampu ikaisha.

Jumamosi vidukari wake walikuwa wamekufa. Kwa wifi, wale wadudu wekundu wenye madoa meusi, walinzi wa kabichi zake, walilala miguu juu. Wifi akachuchumaa, akawaokota mmojammoja na kuwaweka kwenye leso.

"Wifi, wewe ndiye mjuzi. Nimekosea wapi?"

"Labda unamwagia maji mengi," Mkasi akajibu bila kupepesa jicho.

Wifi akapunguza maji. Baada ya wiki mbili kabichi zikanyong'onyea, na vidukari wapya wakazivamia. Akaja jikoni kwa Mkasi kuaga. "Naacha darasa. Mkono wangu ni wa sindano tu."

Hicho ndicho Mkasi alichokuwa akikiomba. Sasa kilikuwa kimefika, na hakukitaka tena.

"Ni dawa yangu," akasema. "Nilipuliza mimi, upepo ukaileta kwako."

Wifi akauliza, "Na upepo uliuona?"

"Niliuona."

"Basi mwambie mwalimu mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Mkasi alisema, mbele ya darasa zima, akitazama viatu vyake. Akahamishiwa tuta la pembeni, akaanza upya. Wifi alirudi darasani, akapanda upya, lakini mwezi mzima hakukanyaga nyumbani kwa Mkasi.

Siku ya vyeti wifi akatangazwa wa kwanza. Mkasi akapiga makofi huku ameuma meno. Jumatatu akashika simu, akaiweka, akaishika tena.

"Wifi, kwenye mboji majani makavu unayatanguliza, au yanakuja juu ya mabichi?"

Wifi akajibu: "Chukua kalamu. Sirudii."

Akaandika kila neno, roho ikimuuma mstari kwa mstari.