Kofia ya Kambo: Mjerumani au Mbelgiji? Jinsi nilivyoivua rangi pale Katuba

Wakuu wa jukwaa, hamjambo? Vuteni viti. Stori hii sijaipika, nilikuwepo mwenyewe na mikono yangu ilinuka térébenthine, ile tapentaini ya kuondolea rangi, siku kadhaa.

Ilikuwa Lubumbashi, enzi za Zaire, sote tukiitana citoyen, yaani raia. Mimi nilikuwa kijana fundi wa samani huko Katuba.

Babu yangu, sisi huku tunasema kambo, alifariki akaacha baiskeli, redio na kofia moja ngumu. Kwetu mjukuu mwenye jina la marehemu ndiye anayerithi kitu alichokipenda zaidi. Jina lake ni langu. Basi baiskeli ikaenda kwa baba mdogo, mimi nikakabidhiwa kofia!

Nilitabasamu mbele za watu, ila moyoni nilikuwa nimeshaipanda ile baiskeli.

Sasa kofia yenyewe. Kambo alisema aliichukua kwa Mjerumani huko Tabora akiwa askari kijana wa jeshi la Mbelgiji, vita ile ya kwanza, walipowatoa Wajerumani. Lakini ilikuwa imepakwa rangi ya fedha, ile ya mabomba ya kiwandani.

Kwa nini? Waliokulia kambi za wafanyakazi wa shaba watanielewa. Wakubwa walikuwa wanapita kukagua usafi wa nyumba, basi kila kisichotembea kilipakwa rangi: mlango, debe la maua, mawe ya njiani. Na kofia nayo ikaingia humo. Mwaka baada ya mwaka, rangi juu ya rangi.

Matokeo yake hakuna aliyemwamini mzee. Jirani yetu Papa Mwansa, aliyefanya naye kazi ya kuyeyusha shaba, alimkatisha kila alipoanza kuisimulia kilabuni.

"Ee Kambo! Ile kofia Mubeleji alitupa, weye ukaokota!"

Kilabu kizima kinaangua kicheko. Kambo hakuwahi kuimaliza hadithi ile mbele za watu hata mara moja.

Bibi hakucheka. Baada ya kilio kwisha akaniita. Huku kwetu bibi humtania mjukuu kwa kumwita mume wake, na mimi nina jina la mumewe kabisa, sina pa kukimbilia.

"Bwana yangu, myaka yote banasema unadanganyaka. Toa ile rangi. Kama ni ya Mubeleji, uniambie mimi moya tu, nitanyamaza. Kama ni ya Mujermani, bantu bote basikie."

Alisema akitabasamu, lakini macho yalikuwa yamelowa. Nikaona hapa hakuna utani tena.

Nikaanza kwa kuigonga. Haikulia kama chuma. Ilikuwa ya gome jepesi, lile la vizibo vya chupa, limevikwa kitambaa. Nikaogopa, maana maji yangeivimbisha na kisu kingeichana. Nikalowesha pamba kwa térébenthine, nikajaribu sehemu ndogo ya nyuma, kisha nikakwangua kwa kijiti. Rangi ikaanza kubanduka kama ganda la yai lililochemshwa, na chini yake kaki!

Mbele kulikuwa na kinundu nilichodhani ni rangi iliyoganda. Kumbe kibati cha duara, ukubwa wa kifungo cha koti. Nikakisugua. Ukingo mweusi. Katikati nyekundu. Na kati ya hizo mbili, njano.

Wakuu, nilikaa chini. Nyeusi, njano na nyekundu ni rangi za Ubelgiji, nani Katanga asiyezijua? Nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia bibi.

Akanikuta bado nayatafuta. Akachungulia.

"Ile ni moshi, bwana yangu. Mbele ya kuipaka rangi ilitundikwaka ku jiko. Lete hapa."

Akatia mate na sabuni kwenye pindo la kitenge chake, akasugua taratibu. Ile njano ikahamia kwenye kitenge. Kwenye kibati ikabaki nyeupe pee.

Nyeusi, nyeupe, nyekundu! Rangi za Mjerumani wa enzi zile. Nikafunua ngozi ya ndani, nikakuta mhuri uliofifia: Berlin.

Bibi alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Mimi nililia huku nacheka, siwafichi.

Nikashona kitambaa palipoachia, nikaweka mkanda mpya wa kidevuni, kibati nikakipaka nta. Jumapili baada ya misa bibi akaivaa kichwani mwake, akavuka barabara kwa mikogo, sisi nyuma yake, hadi kwa Papa Mwansa.

Yule mzee akaipokea, akaigeuza, akakitazama kibati. Kisha akamsogezea bibi kiti.

"Mama, ikala. Unielezee ile habari ya Tabora, tangu mwanzo. Leo siwezi kukukatisha."

Bibi akaisimulia yote, kama alivyoisikia nyumbani kwa mumewe. Mwisho wake hata mimi nilikuwa nausikia kwa mara ya kwanza.

Funzo nililobaki nalo: mzee akianza stori yake, mwacheni afike mwisho, hata kama mnaona anatia chumvi. Haya, uwanja ni wenu. Nani mwingine alirithi kitu akakidharau, halafu kikamfunga mdomo?