Muungurumo wa Upande wa Pili

Miezi minne ya kwanza ya mwanangu sikulala. Sisemi nililala kidogo, nasema sikulala. Mtu akiniambia "hongera mama, mtoto mzuri," nilitamani kumpiga kwa kitana. Usiku alilia, alfajiri alilia, mgongoni alilia. Baba yake alikuwa kwenye kiwanda cha chai kule Bulwa, upande mwingine wa milima, akipiga simu anauliza, "Mtoto hajambo?" Hajambo, namjibu, mpe simu msimamizi wako nimwambie akurudishe.

Mahali pekee alipolala ni kazini kwangu. Nasuka nywele kwenye kibanda cha mabanzi, juu kidogo ya soko la Lushoto, na nyuma ya ukuta wangu kuna kibanda cha gemu. Kilikuwa na mashine moja kuukuu ya kuchezea mpira wa kwenye runinga, imewekwa kwenye rafu, mgongo wake kwangu. Ikishapata joto ilinguruma kama mashine ya kusaga unayoisikia kutoka ng'ambo ya bonde. Kwenye banzi moja palikuwa na tundu, jicho la mti lililong'oka, na hewa yake ya moto ilipita hapo ikaingia kwangu. Nilitandika kanga mbili na sweta la baba yake kwenye tenga la pichesi, nikamlaza mwanangu, nikalisukuma tenga hadi chini ya lile tundu. Akalala. Saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Nje ukungu umeshuka hadi mlangoni, watu wanapita wamejitanda mablanketi, na mtoto wangu analala kwa joto la mechi za watu asiowajua.

Kwa hiyo mashine mpya ilipozinduliwa huko Ulaya, na upande wa pili wakaanza kubishana ina nguvu kiasi gani, mimi ndiye niliyesikiliza kuliko wote.

Walikuwa watatu. Mwenye kibanda, ambaye shemeji yake wa Dar alikuwa amemwahidi kumletea hiyo mpya. Muuza makava ya simu, aliyesoma kila kitu mtandaoni na kukisema kana kwamba alikuwepo. Na dereva wa lori la mboga, aliyekuja kukaa hapo wakati wakimpakilia kabichi.

"Hawajataja vyote vilivyomo," muuza makava alisema siku ya kwanza. "Prosesa wameitaja, kasi yake hawajaitaja. Lakini tazameni picha. Matundu ya hewa madogo hivi! Maana yake haipati joto."

"Maana yake haina kitu," dereva akajibu. "Bwana mghosi, lori likipanda kona za Soni kimya, ujue halina mzigo. Hii yetu inanguruma kwa sababu inabeba."

"Inabeba nini? Inabeba uzee."

"Kama wewe na hizo suruali."

Mwenye kibanda akawakatiza. "Shemeji ameiona kwenye duka la mjini. Anasema ukiiwasha husikii kitu. Unaona taa tu."

Husikii kitu. Nilivuta msuko hadi mteja wangu, mama mmoja wa kwaya ya usharika, akaruka kwenye kiti.

"We binti! Hicho ni kichwa, si gunia la viazi."

"Nisamehe, mama."

Sikuwa na amani tena. Kichwa cha mtu asiyelala hakina milango, kila kitu kinaingia. Nikisuka, macho nusu wazi, ukungu ukiingia kwa chini na sauti zao zikiingia kwa juu, niliiona ile mashine mpya. Nyeupe, maana walisema ni nyeupe. Imekaa kwenye rafu kama jiwe la mtoni, baridi, na maji yanapita juu yake bila sauti. Nilijiona nimeinama kuweka sikio, na ndani nikasikia mbali sana vigelegele vya uwanja mzima, lakini pumzi hamna. Nashtuka, vidole bado vinasuka, mstari umenyooka. Sijui vilijuaje.

Nikaanza kukisia na mimi. Kama ina nguvu mara mbili, mbona isitoe joto mara mbili? Fizikia nilipata C, si haba, na nakumbuka mwalimu wa kidato cha pili akiandika ubaoni kwamba nishati haipotei. Siku moja uvumilivu ukaniishia, nikauliza kupitia ukutani: "Hiyo nguvu yake inaenda wapi?"

Mwenye kibanda akagonga ukuta.

"Nani huyo?"

"Mimi, msusi. Nguvu haipotei, inageuka joto. Sasa kama hiyo mpya inazidi hii, joto lake linatokea wapi?"

Dereva alicheka hadi akakohoa. "Kawamaliza! Mjibuni msusi!"

"Dada," muuza makava akasema taratibu, kama anamwelekeza mgeni njia, "chipu za siku hizi ni ndogo. Zinakula umeme kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Hawajasema."

"Basi nyamaza."

Kuanzia hapo wakawa wananiuliza. "Msusi, leo wanasema ni nzito kuliko ya zamani, unaonaje?" Nilipenda habari hiyo. Kitu kizito kina chuma ndani, na chuma hakiwekwi bure, kimewekwa kunywa joto, kwa hiyo joto lipo. Niliibeba hoja yangu hadi nyumbani kama mtu aliyebeba yai. Usiku ule mtoto akilia nilimwambia, usijali, ni nzito.

Kisha siku moja ya soko mwenye kibanda akaamua kuifungua ile kuukuu. Alitaka aisafishe apate wa kumuuzia, ile mpya ikifika. Nikasikia muungurumo unakatika. Nikatazama tenga, mwanangu bado amelala. Nikasikia bisibisi, skrubu zinaangukia kisahani. Halafu mwenye kibanda akaita.

"Msusi. Njoo."

Nilikwenda na kitana kimechomekwa nywelani. Mashine ilikuwa mezani, mgongo wazi, na kuizunguka feni palikuwa na kitu kama kiota cha ndege. Rasta, nywele za bandia ninazosukia. Nyeusi, za kahawia, na katikati uzi mmoja wa zambarau niliomsukia bibi harusi wa Mtae. Vichwa vyote vya miezi minne vilikuwa mle. Chini ya rafu yao palikuwa na ufa, mashine ikawa inavuta hewa kutoka sakafu yangu, inavuta na mabaki ya kazi yangu. Haikuwa inanguruma kwa nguvu. Ilikuwa inakabwa.

Dereva aliinama juu yake. "Kumbe mzigo wenyewe ni huu," akasema, na nilimwonea huruma kidogo.

"Umetaka kuniulia mashine!" mwenye kibanda akanigeukia.

"Mimi? Nani aliigeuzia mgongo ukutani kwangu? Nani aliacha ufa wa kupitisha mkono? Mashine yako inatambaa kuja kula kwangu, halafu mimi ndiye mchawi!"

Akalichomoa lile tonge, akanikabidhi. Lilikuwa bado na joto. Akafunga skrubu, akawasha.

Taa tu.

"Imewaka?" muuza makava akanong'ona.

"Imewaka."

Kwenye runinga uwanja ulikuwa unang'aa, wachezaji wanatoka, na mashine kimya kabisa. Dereva aliweka sikio, akatoa, akaweka tena. Mwezi mzima walikuwa wameiota mashine isiyosikika, nayo ilikuwa hapo hapo chini ya nywele. Na katika ukimya ule, upande wangu, mwanangu akaamka.

Alilia siku ile, alilia kesho yake. Tundu lilikuwa limepoa. Nilimbembeleza, nikampigia meno ya kitana, nikamfunga mgongoni nikasuka nikiwa nayumba. Mama wa kwaya alivumilia hadi nusu ya kichwa, akasema, "Mwanangu, nitarudi ukitulia," akajifunga kitambaa akaondoka. Upande wa pili nao wachezaji walianza kutoka mmoja mmoja, maana huwezi kusikia mtangazaji wa mpira mtoto akilia hivyo.

Siku ya tatu nilirudishia mlango. Lile tonge la rasta nilikuwa nimelitunza kwenye mfuko wa aproni. Nilipiga magoti mbele ya ule ufa na kuanza kulisukuma kwa vidole, kidogo kidogo. Sioni aibu kulisema. Ningeweza kuiunguza ile mashine na kibanda chake ili mwanangu alale.

"Msusi," sauti ya dereva ikasema, karibu sana, upande wa pili wa banzi. Alikuwa ameona vidole vyangu. "Usifanye hivyo. Itaungua."

"Basi fanyeni nyinyi!" nikapiga kelele. "Si ndio mnaojua mashine! Mnajua uzito wa ile ambayo hamjaigusa, mnajua matundu yake, mnajua kilichomo ambacho wenyewe hawajakisema! Kumlaza mtoto mmoja hamjui! Sijalala tangu azaliwe! Mnasikia? Tangu azaliwe!"

Nililia, mimi na yeye, sote wawili kwa pamoja. Upande wa pili viti vikaburuzwa. Nilidhani wameondoka.

Kisha dereva akaanza. Chini, kooni, kama lori lenye saruji kwenye kona ya kwanza ya Soni, gia namba moja. "Vuuuuu." Mtu akacheka. Halafu yule aliyecheka, mwenye kibanda, naye akaingia, na yeye aliijua sauti ile ya mashine kuliko sisi sote, alikuwa ameishi nayo.

"Siyo hivyo," muuza makava akasema. "Ilikuwa juu kidogo. Na goli likiingia ilipanda." Akaionyesha ilivyokuwa ikipanda. Alikuwa sahihi.

Nililisogeza tenga. Walikuwa wamekaa migongo ikiegemea mabanzi, na kwenye tundu nikahisi uvuguvugu, si kama ule wa zamani, pumzi tu za watu. Mwanangu alipiga kwikwi mara mbili. Akatafuta sauti inatoka wapi, macho yakazunguka, yakaacha kuzunguka. Nje ukungu ulikuwa umeficha hata choo cha jirani. Nikaegemeza kichwa kwenye mbao, nikazisikia zinatetemeka mfupani.

"Lakini ile mpya," mwenye kibanda akaanza kunong'ona, "shemeji anasema..."

"Beba mzigo," dereva akamwambia, akaendelea.

Mengine nimesimuliwa. Mama wa kwaya alirudi na nusu ya kichwa chake, akasukuma mlango, akanikuta sakafuni, mkono mmoja ndani ya tenga na mwingine umeshika tonge la rasta. Hakuniamsha. Alikaa kwenye kiti chake na kusikiliza kwa muda, mikono mapajani. Kisha akagonga ukuta kwa kidole kimoja, taratibu.

"Besi," akawaambia, "shukeni kidogo."

Wakashuka.