Siku Niliyotafsiri Kiswahili kwa Kiswahili

Jamani, chekeni nikimaliza, siyo katikati. Mnaniuliza kila siku kwa nini kwenye baridi hili la Mbeya kofia yangu ya sufu naivaa juu ya masikio, masikio yenyewe nayaacha nje yaumie, na mimi kila siku nabadilisha mazungumzo. Leo nasema. Ni aibu, na niliipata mbele ya Rujewa nzima, kwa hiyo wala siyo siri, ni nyinyi tu ndio mlikuwa hamjaisikia.

Miaka ile ya sabini nilikuwa kijana kutoka Iringa, pale Ipogolo, nimekuja Rujewa kufanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kazi ambayo jioni unarudi nyumbani mweupe wa pumba mpaka kope. Nikampenda Zaituni, binti wa Mzee Kibwana, mfanyabiashara wa mchele. Zaituni naye alinipenda (alisema mwenyewe, mkitaka mkamuulize, yuko jikoni), ila baba yake hakutaka mkwe wa pumba. Kilichoniokoa ni kopo. Siku moja alikuja mfugaji mmoja, Msukuma, dukani kwa Mzee Kibwana na kopo la dawa ya ng'ombe lililoandikwa Kiingereza, nikalichukua nikalisoma kwa sauti ya juu, yale maneno niliyoyajua nikayasema na yale nisiyoyajua nikayasema kwa nguvu zaidi, na Mzee Kibwana akakaa ananitazama kama aliyeokota kitu. Akawaambia wajumbe wangu wa posa kwamba Kiingereza kama kile hakiwezi kukaa kwenye pumba, kijana atafute kazi inayolingana nacho, kisha tuzungumze.

Basi, kazi yenyewe nikaiona inakuja kwa Landrova. Mnakumbuka gari la sinema ya bure? Lilikuwa linatoka Mbeya mjini, linapita Chimala, linafika kwetu, wanatundika shuka jeupe, na filamu zote zilikuwa za Kiingereza, kwa hiyo walikuwa na mkalimani anayeshika maikrofoni na kutueleza wanasema nini. Nikasikia mkalimani yule kaacha kazi. Gari lilipoingia tu nikamfuata fundi wa sinema, Mnyakyusa mmoja mpole anaitwa Ambakisye, nikamwambia mimi hapa Kiingereza ndiyo lugha yangu, nijaribu leo, ukiridhika unipeleke kwa wakubwa wako. Nikamwambia na Mzee Kibwana aje kunisikiliza. Akaja na kiti chake, akakaa mbele kabisa, na nyuma yake Zaituni na wanawake wenzake.

Ambakisye alikuwa amefunga tarumbeta mbili za spika juu ya gari zinatazama watu, na mimi akaniweka nyuma, karibu na jenereta. Pale ndipo nilipoona kwenye sanduku lake zile spika ndogo za kuvaa masikioni, hedifoni, nene kama vitumbua viwili vilivyoungwa na chuma. Ningeweza kuziacha. Hakuna aliyenilazimisha. Lakini nikafikiria nitakavyoonekana nimezivaa, kama rubani, na Zaituni anageuka ananiona, basi nikamwambia Ambakisye mkalimani wa kweli lazima avae hizi asikie kila neno. Akasema, "Hizo huwa napimia sauti tu. Na gwe, wewe kijana, hiyo filamu ya leo..." Nikamkatisha, najua, najua, mimi nifanye kazi yangu na wewe kafanye yako. Akaangalia chini, akaenda kuwasha jenereta.

Kwenye ule mtambo wa kukuza sauti kulikuwa na matundu kadhaa, nikachomeka waya wa hedifoni kwenye lililonivutia, nikavaa. Picha ikaanza. Kwenye masikio, kimya. Siyo sauti ya filamu, siyo ya watu, hata jenereta lenyewe nalisikia kwa mbali sana kama liko Chimala. Mtu mwenye haya angemwita fundi. Mimi nikajiambia kumwita ni kukiri kwamba vyombo sivijui, na (niseme ukweli) nikaona hata ni nafuu, maana Kiingereza nisichokisikia hakiwezi kunishinda. Nitatafsiri kwa macho.

Kwenye picha kukawa na bwana mmoja mnene anachimba shimo nyuma ya nyumba, mke wake kavaa khanga, kashika ungo, na bwana afya kavaa kaptula anawaelekeza. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza, mama wa khanga na ungo anaongea Kiingereza tangu lini? Mimi sikujiuliza. Nikashika maikrofoni nikasema, "Anasema shimo hili tutahifadhia mpunga."

Watu wakaangua kicheko. Nikaona mabega yanatikisika hadi mwisho wa uwanja, nikasema moyoni, wamenipokea. Wakajenga kibanda juu ya shimo, nikasema wanaufunika mpunga usinyeshewe. Yule bwana mnene akaonekana anakimbia ameshika tumbo, anaingia kibandani, anafunga mlango, nikasema, "Anasema ngoja akauonje mpunga kama umekauka." Mzee Kibwana akavua kofia akafutia machozi. Nikaamini Kiingereza changu kimemgusa. Zaituni kajifunika uso mzima kwa khanga, nikaamini ni haya ya mchumba. Basi nikasimama juu ya sanduku, nikaongeza na mikono, na bwana yule alipotoka kibandani anatabasamu nikapaza sauti, "Anasema mpunga mtamu, karibuni wageni wote!"

Hapo Ambakisye akaja mbio, akashika kitumbua cha sikio la kulia, akakivuta. Nikasikia tarumbeta, Kiswahili safi kabisa, sauti ya bwana afya: "...na kila utokapo chooni, nawa mikono kwa sabuni."

Na mimi, maikrofoni ikiwa mdomoni, nikasema, "Ala, kumbe wanaongea Kiswahili?"

Sitaki hata kuwaeleza kelele ile. Ng'ombe waliokuwa zizini walianza kulia. Nikasema niondoke, nitembee mpaka Iringa kwa miguu, nikaruka kutoka kwenye sanduku nikakimbia, nimesahau kwamba kitumbua cha kushoto bado kiko sikioni na waya bado uko kwenye mtambo. Waya ukanivuta shingo, mimi nikauvuta mtambo, mtambo ukaanguka toka mezani, moshi kidogo, na sauti yote ikakatika. Picha ikawa inaendelea bubu, bwana mnene anachezesha midomo tu. Mimi niko chini, sikio linaungua, Ambakisye ananisaidia kuinuka, ananiambia taratibu kwamba siku hizi filamu zinaletwa zikiwa na Kiswahili chake, kazi ya mkalimani imekwisha, na ndicho alichotaka kuniambia tangu mwanzo.

Hiyo ndiyo iliyoniuma. Nilikuwa nimejidhalilisha kwa kazi ambayo haipo, na bila kazi Zaituni sina.

Nikataka kuondoka kweli. Mzee Kibwana akasimama, akaniita, "Kijana. Sauti umeiua, sasa mkalimani ndiye anahitajika. Maliza sinema."

Nikamaliza. Bila maikrofoni, bila hedifoni, nikasimama kando ya shuka nikawaeleza kwa mdomo kilichobaki: hiki ni choo, haya maji yanachemshwa, huyu ananawa. Walicheka kila neno, hata lililokuwa sahihi, na mimi machozi yalikuwa yananitoka, lakini nilisimama mpaka mkanda ukaisha.

Siku ya tatu wajumbe wangu wakaitwa. Mzee Kibwana aliwaambia, "Kazi hana. Kiingereza hana. Lakini alimaliza sinema." Akakubali posa.

Kwa hiyo mke nilimpata, na jina la Mkalimani nikalipata, mpaka leo nikipita Rujewa wanangu wanaitwa watoto wa Mkalimani, na Zaituni akinituma chumvi nikaleta sukari husema nivue hedifoni. Ndiyo maana nimeapa kitu chochote cha kuziba masikio sitavaa tena, hata theluji ianguke Mbeya. Na msidhani yaliishia uwanjani. Siku ya ndoa, sheikh kanishika mkono, nyumba nzima kimya, kaniuliza, nami nikajibu vizuri kabisa, kwa Kiswahili ambacho hata mtoto anaelewa, "Nimekubali." Mkwe wangu akageuka taratibu kuwatazama wageni, akaweka ngumi mdomoni kama maikrofoni, akasema:

"Anasema amekubali."