Ngazi Nyuma ya Baa

Hoteli ile kuukuu ya Kitui mjini ilikuwa na baraza la nguzo nene, paa la vigae vyekundu na madirisha marefu ya mbao, lakini waliowahi kulala humo walisifu ngazi yake. Ilikuwa ya mawe, ikipinda kuelekea ghorofani, kila kidato kimechongwa kwa mkono. Aliyeichonga ni baba yangu, miaka ya sitini ikianza, angali kijana asiyejua kanisa.

Kazi ilipoisha, akaokoka. Mwenye hoteli naye akafungua baa pale chini, na hukuweza kuifikia ngazi bila kupita katikati ya meza za pombe. Kanisani kwetu, mshirika akionekana ndani ya baa, hata kama ameingia kuomba maji, alitengwa. Hakupewa tena meza ya Bwana. Na baba alikuwa mzee wa kanisa. Siku za soko alisimama ng'ambo ya barabara na mama, akimwonyesha kwa kidole mahali ngazi ilipo. Mama aliona ukuta tu.

Alipozidiwa na kifua, mama alisema wazi, "Baba watoto, nipeleke nione hiyo ngazi yako kabla sijaenda."

Baba akaenda kuomba ruhusa. Wazee wenzake wakasema wataliombea jambo hilo. Wakakutana, wakaahirisha, wakakutana tena. Mpaka leo nikikumbuka nawaka. Wanaume wazima, wanakalia kikao habari ya mwanamke mgonjwa kupanda ngazi! Mama alifariki wakiwa bado wanaliombea, na ni wao hao walioongoza mazishi.

Miaka ya tisini hoteli iliuzwa, ibomolewe yajengwe maduka. Baa ilifungwa, paa likatolewa. Asubuhi moja baba alinijia amevaa koti la Jumapili, tukaenda. Hakuna aliyetuzuia. Alipanda polepole, akipapasa mawe, jua likimpiga kichwani. Kazi ilikuwa nzuri jamani. Sikuwahi kuona mawe yaliyoshikana hivyo.

Aliposhuka nilimuuliza kama sasa ameridhika. Alijikung'uta vumbi.

"Ningemleta tu," alisema. "Kama ni kunitenga, wangenitenga."