Mama Alivyojifunza Kutembea Upya Vingunguti

Mama alipopata kiharusi, mkono na mguu wake wa kulia vililegea. Alikuwa mkaanga vitumbua, mtu wa kuamka kabla ya adhana. Sasa akawa wa kushinda kitandani akitazama dari. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini alisema lazima atembee kidogo kidogo kila siku. Mama akaitikia vizuri. Tulipofika nyumbani Vingunguti akageukia ukutani.

"Nimetembea maisha yangu yote. Niacheni nipumzike."

Mie, kitinda mimba wake, nilikuwa nimerudi nyumbani kumuuguza. Nilimbembeleza, nikamgombeza, mwisho nikalia. Hakusogea.

Siku moja nikagundua kuwa simu yangu, ya bei ya chini kabisa, inahesabu hatua. Nikaifunga kwenye pindo la kanga yake, nikamshika kiuno, tukajikongoja hadi mlangoni na kurudi. Nikamwonyesha: hatua thelathini na moja.

"Imejuaje?"

"Inahisi unavyotikisika, mama."

Akaitazama kwa muda. "Haya. Kesho tutaona."

Kesho yake yeye ndiye aliyeniamsha. Fundi bomba jirani yetu akamwungia vipande vya bomba, ikawa fimbo ya miguu minne isiyoteleza. Kila jioni mama aliuliza, "Leo ngapi?" Akiambiwa zimepungua, ananuna.

Basi siku moja nikatoka sokoni nikakuta hatua mia tisa! Nikampigia shangazi Ukonga kumtambia. Siku iliyofuata niliwahi kurudi, nikachungulia dirishani: mama kakaa mkekani, ananyoosha miguu, mkono mzima unaitikisa simu kama anapepeta mchele.

"Mama!"

Alishtuka, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, mdomo bado umeenda upande. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue.

"Nilitaka ufurahi, mwanangu. Umekonda kwa ajili yangu."

Nikakaa chini pale pale, tukacheka wote. Baada ya hapo hakudanganya tena.

Miezi ikapita. Alasiri moja nikakuta kitanda kitupu na simu mezani. Nilitoka mbio. Nyumba ya nne nikamkuta kibarazani kwa shoga yake wa siku nyingi, anakunywa chai ya tangawizi.

"Mbona umeacha simu?"

"Simu ya nini? Nimekuja kumjulia hali mwenzangu."

Aliishi miaka mingine kadhaa, akichechemea. Nikimsindikiza dukani, mwendo wa dakika tano tulitumia saa nzima, maana kila mlango alisimama: huyu anamwamkia shikamoo, yule anamuuliza kama mjukuu ameanza kuota meno. Mie nilikuwaga nakereka, nasimama juani na kikapu, namvuta kanga: "Mama, twende basi."

Siku hizi duka lile nafika upesi sana. Natamani mtu anicheleweshe.