Samaki Aliyefia Kwenye Kamba

Nilimlisha mama yangu haramu, na nilijua. Sitaji jina langu, kwa sababu hapa Toronto sisi watu tuliotoka Tanga tunajuana mpaka viatu mlangoni pa msikiti. Ukisoma ukahisi unanijua, ninyamazie tu. Nimeshasemwa vya kutosha na moyo wangu mwenyewe.

Mimi ni mtu wa vitabu. Sijisifu, ni ugonjwa. Kupika wali nilisoma, kuogesha mtoto nilisoma, hata kwenda kuposa nilisoma kwanza. Kwa hiyo daktari aliponiambia nitafute kitu cha kunitoa mbele ya kompyuta, niliamua kuvua samaki, na badala ya kwenda ziwani nikaenda maktaba.

Samaki niliyemchagua wanamwita walleye. Macho yake ni meupe, ukimmulika yanang'aa kama ya paka. Wenyeji wanamsifu kwa utamu, lakini mimi nilimpendea jambo jingine: ana magamba. Sisi ni Mashia, na kwetu samaki asiye na magamba haliwi. Na hata mwenye magamba ana sharti lake. Atolewe majini akiwa hai, na roho imtoke akiwa nje ya maji. Ukimtoa akiwa hai kisha ukamrudisha majini, hata kama umemfunga kamba, akafia humo, basi huyo tena si chakula. Hili nilifundishwa madrasa kabla sijaota meno ya ukubwani.

Nilisoma vitabu vyote vya uvuvi walivyokuwa navyo. Nikitoka kazini, chakula mezani, mimi na simu, natazama video za wazee wa hapa wenye kofia wakieleza namna ya kuchezesha chambo. Mazoezi niliyafanyia nyuma ya nyumba yetu Richmond Hill, natupa ndoana kwenye ndoo, jirani ananichungulia dirishani. Mke wangu Fatma alikuwa akitoka na kikapu cha nguo ananiuliza, "Baba Ali, samaki wa kwenye majani wamekula leo?"

Mama alikuwa akiishi nasi. Tulimleta baada ya baba kufariki. Tangu afike nchi hii, samaki wa dukani hakumgusa. Jamaa walimwambia wapo wanaoaminika, mashekhe wamesema wanafaa, yeye anajibu, "Sikatai. Ila mimi sijui alikufaje, na tumbo langu halitaki wasiwasi." Ndivyo alivyokuwa. Kwa watu wengine hakuwa mkali hata kidogo, kwa kinywa chake mwenyewe tu.

Kisha akaugua. Dawa walizompa zilimmaliza hamu ya kula. Fatma alipika uji, mtori, supu, kila kitu, mama anaonja kijiko kimoja anasukuma bakuli. Akakonda mpaka bangili zikawa zinamtoka mkononi. Siku moja nimekaa karibu yake natazama video zangu, akanigusa goti.

"Hao samaki unaowasoma kila siku, hakuna hata mmoja wa kunivulia mama yako?"

"Wapo, mama."

"Basi niletee. Wa mkono wako nitakula, kwa sababu wewe najua utaniangalizia."

Ungekuwa wewe ungelala? Jumamosi iliyofuata niliendesha gari zaidi ya saa mbili kwenda mashariki, kwenye ghuba ambayo video zote zinaisifu. Nilikuwa nimeshakwenda huko mara kadhaa nikarudi mikono mitupu. Siku hiyo nilisimama kwenye gati tangu mchana, na jua linaanza kushuka nikasikia kitu kinavuta mshipi kidogo sana, vile mtu anavyokuvuta ncha ya shuka. Nikavuta. Nikamtoa. Walleye mzima, wa dhahabu, anapiga mkia kwenye mbao. Nililia, sioni aibu kukwambia. Machoni mwangu nilikuwa nimeshamwona mama anakula.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu. Kwenye gari nilikuwa na sanduku la barafu. Ningemlaza pale juu ya mbao akafa, nikamtia kwenye barafu nikaenda zangu, leo nisingekuwa naandika haya. Lakini vitabu vyangu vilisema nyama inakaa tamu zaidi ukimpitisha kamba, ukamrudisha majini, ukaendelea kuvua. Picha niliiona mara nyingi mno. Mikono yangu ikafanya kama ilivyoona. Nilimpitisha kamba, nikaifunga kwenye nguzo ya gati, nikamtumbukiza majini, nikaanza kumtafuta wa pili. Sharti la madrasa halikunijia kabisa. Wale wazee wa kwenye video hawali kama sisi, hawakuwa na sababu ya kunikumbusha.

Wa pili hakuja. Nilipovuta kamba, samaki wangu alikuja amelegea, tumbo juu. Na kamba nilikuwa nimeipitisha kwenye mashavu yake badala ya mdomoni, kwa haraka, ikamziba pumzi. Nilimtikisa. Nilimmwagia maji kichwani, mjinga mimi, mtu anayemmwagia samaki maji ili aamke. Hapo ndipo sharti liliponijia, lote, kwa sauti ya mwalimu wangu wa utotoni.

Nilikaa kwenye gati muda mrefu. Nilijua la kufanya. Kumtupa, kurudi nyumbani, kusema nimekosa. Lakini Fatma alikuwa ameshanitumia ujumbe kwamba tui la nazi liko tayari na mama amekaa sebuleni amevaa, anasubiri. Nikamtia samaki kwenye barafu.

Mama alinipokea mlangoni mwenyewe, ameshika ukuta. Alimtazama yule samaki, akampapasa magamba, akacheka. Kisha akauliza, kama nilivyojua atauliza.

"Alitoka hai?"

"Alitoka hai, mama."

"Akafia nje?"

Swali la kwanza nilijibu kweli. La pili nikasema, "Ndiyo." Neno dogo hilo. Lilitoka bila kukwama popote.

Fatma alimchoma, akampaka tui na ndimu na pilipili kidogo. Samaki alikuwa mmoja, hivyo wote tulisema huyu ni wa mgonjwa. Mimi nilisingizia jino. Mama alikula upande mzima. Alinyonya miiba. Aligeukia kichwa cha samaki akakimaliza, akalamba vidole, akaniombea dua ndefu, mikono juu, nami nikaitikia amina. Fatma alikuwa jikoni anajifuta machozi ya furaha, na mimi nilikuwa mezani natamani ardhi inimeze.

Kesho yake alimpigia dada yake Tanga. "Mwanangu kanivulia samaki, ziwani, kwa mkono wake." Akawaambia kina mama msikitini. Wanaume wakawa wananipokea, "Karibu mvuvi." Kila nikiitwa hivyo natabasamu, nainama kuvua viatu.

Unajua nilifanya nini badala ya kusema? Nilirudi kwenye video. Nilijiambia nitamvulia mwingine, wa haki, nimlishe, kisha nimweleze yote kwa mkupuo, iwe rahisi. Nilikwenda tena na tena. Sikupata hata wa kuonyesha mtu. Baridi ikaingia, mama akazidi kudhoofika, akawa hawezi tena kulala chumbani kwake, tukamtandikia sebuleni karibu na dirisha.

Alasiri moja tuko wawili tu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Nikipata yule samaki wako tena nitakula. Tangu siku ile hakuna kitu kilichonipita vizuri."

Sikuweza tena. Nilipiga magoti pale chini nikamwambia. Kamba, maji, tumbo juu, na lile "ndiyo." Nikaharakisha kumwambia kwamba nimeuliza, shekhe amesema yeye hana dhambi, dhambi ni yangu peke yangu.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Dhambi najua sina," alisema. "Ulikuwa unanitazama nikila?"

"Nilikuwa nakutazama, mama."

"Na dua uliitikia?"

"Niliitikia."

Akaomba maji. Nilidhani ana kiu, nikamletea bilauri. Akasukutua. Miezi ilikuwa imepita, lakini mama yangu alisukutua kinywa mara moja, akatema kwenye beseni, akasukutua tena, mimi nimemshikia beseni. Alipomaliza alijifuta kwa kanga, akaniwekea mkono kichwani.

"Nimekusamehe, mwanangu. Nimekusamehe kweli, mbele ya Mungu sikudai."

Na alinisamehe, hakuwa mwanamke wa kusema asichomaanisha. Ila jioni nilipomletea uji, nikapuliza, nikapeleka kijiko, mdomo haukufunguka. Alijaribu. Nilimwona anajaribu. Machozi yakamtoka.

"Sifanyi makusudi, baba," akasema. "Haupiti."

Fatma akachukua bakuli. Mama akamuuliza, kwa upole kabisa, "Umepika wewe? Yeye hakugusa?" Fatma akanitazama, maana hadi hapo alikuwa hajui chochote. Usiku huo alijua. Mpaka leo hanitanii tena habari za samaki, wala za kitu kingine.

Dada yangu Zainabu akawa anakuja kila siku kutoka Scarborough, anabadilisha mabasi na theluji hii, ili amlishe mama. Mimi mwenye nyumba nilikuwa nakaa kwenye ngazi nasikiliza kijiko kikigonga bakuli. Nikitaka kusaidia naambiwa niwashe gari, nilete dawa, nifungue mlango. Mama alinishika mkono kila siku, aliniuliza habari za kazi, aliniita majina yote ya utotoni. Kula tu ndiko kulikotutenga.

Alifariki kabla theluji haijayeyuka. Tone la mwisho la maji alilipokea kwa Zainabu.

Vifaa vya kuvulia nilivigawa. Watu msikitini bado wananiita mvuvi, hawajui, na sijui nitawaambiaje kwamba ile hadithi nzuri aliyoisimulia mama ilikuwa na uongo wangu ndani.

Wewe unayesoma, kama una mzazi nyumbani aliyekuambia "wa mkono wako nitakula," usicheze na mkono huo. Ukikosea, kosea waziwazi. Usingoje upate kizuri cha kufunikia kibaya, hutakipata. Mwambie mlangoni palepale, na aibu yako na harufu yako ya ziwa: mama, amefia majini, nimemtupa.

Najua mama angefanya nini. Angenicheka mpaka akohoe, mtu msomi na vitabu vyake. Kisha angesema, haya basi, tuleni mayai. Mayai yalikuwepo jioni ile, trei nzima, na ningemkaangia mimi mwenyewe.