Majivu Kwenye Kikombe

Asenath Tefft alikuwa msusi wa ukili wa kofia, na katika vilima vile vya Rhode Island hakuna aliyempita kwa wepesi wa mkono wala kwa ugumu wa kichwa. Alisuka mabua huku akipika maharage, akasuka huku akisikiliza umbea, na watu walimtania kwamba hata kanisani vidole vyake havitulii. Mumewe Ezra aliuawa na kifua kikuu. Binti yake Lovina, aliyezoea kukaa naye dirishani wakishindana nani atamaliza pima ya kwanza ya ukili, akafa kwa ugonjwa huo huo mwezi Desemba. Ardhi ilikuwa imeganda, sepetu haipiti, basi jeneza likawekwa kwenye chumba cha mawe pale makaburini, lingoje theluji iyeyuke.

Mwezi wa pili Orrin, kijana wake wa miaka ishirini na mitatu, mtoto pekee aliyembakia, akaanza kukohoa.

Ndipo akaja Shemasi Peleg, kofia mkononi, uso ameukunja kama wa mtu aliyefiwa yeye.

"Dada Asenath, unajua nilichokuja kusema."

"Kama ni lile, Shemasi, rudi nalo."

"Ezra kafa, Lovina kafa, sasa huyu. Binti yako hajalala kwenye jeneza lake, anamnyonya kaka yake uhai. Kule bondeni walimfungua maiti wao, wakakuta moyo una damu mbichi, damu ya aliye hai. Wakauchoma, mgonjwa akanywa majivu. Leo anapasua kuni."

"Umemwona akipasua?"

"Nimeambiwa na aliyemwona."

"Ehee! Na huyo kaambiwa na nani?"

Peleg hakucheka. "Bila neno la mama hatugusi kitu. Ila Orrin akifa, usije ukasema hatukukwambia."

Juu, chumbani, Orrin akakohoa mpaka kitanda kikalia. Ukaidi wote ukamwishia Asenath.

"Mfungueni," akasema, na mkono wake ukaendelea kusuka.

Walimfungua adhuhuri, wanaume sita na Asenath mwenyewe, maana desturi ilitaka mtu wa nyumba hiyo awepo. Lovina alikuwa vile vile walivyomlaza, hata nywele. Mmoja wao, mchinja nguruwe wa kijiji, akafanya kazi yake, na damu ikatoka moyoni. "Mmeona?" akasema Peleg. Na Asenath, Mungu amsamehe, akafurahi. Kisha akainama juu ya uso wa mwanawe, akamwambia kwa chuki: "Kumbe ni wewe. Ulitaka kunimalizia wote."

Moyo wakauchoma juu ya jiwe kando ya ukuta. Majivu akayabeba kwenye kopo, akayakoroga na siki na asali, akampelekea Orrin, akisema ni mizizi ya porini.

"Chungu, mama."

"Dawa tamu umeiona wapi? Kunywa."

Akanywa yote, macho hayabanduki kwa mama yake.

Wiki iliyofuata Asenath akaingia bandani kukata nyama ya nguruwe waliyemchinja Novemba. Akapitisha kisu, na nyama ikafunguka nyekundu, ina damu. Kisu kikasimama. Hili alilijua tangu utotoni, na kila mwanamke wa pale alilijua. Ndiyo maana wanachinja baridi inapoanza, kwa kuwa nyama iliyotundikwa bandani haiozi mpaka joto lirudi. Na kile chumba cha mawe kilikuwa na baridi kuliko banda lake. Akakaa chini kwenye vumbi la mabua. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto, akatamani ardhi impasukie.

Tangu siku hiyo hakuweza kumtazama Orrin. Aliingiza uji, akatoa bakuli, akapiga kona.

"Mama, unautazama mto wangu wa kulalia, hunitazami mimi," Orrin akamwambia Aprili, sauti imebaki uzi.

"Ile dawa, mwanangu..."

"Naijua. Dirisha langu linaona makaburini. Niliwaona, na moshi niliuona."

"Na bado ukanywa?"

"Ulikishika kikombe kwa mikono miwili, mama. Tangu Lovina afe sijakuona na matumaini vile. Ningekunyimaje?"

Asenath akalia, akiwa amefunika uso kwa aproni. Maneno aliyomwambia Lovina hakuthubutu kumwambia Orrin. Kijana alikufa Mei, akazikwa ubavuni mwa dada yake, ambaye naye alikuwa ameshatiwa ardhini.

Siku ya maziko Peleg akamsogelea. "Tulijaribu, dada. Pengine tulichelewa."

Asenath akampa mgongo. Aliliacha kaburi jipya, akapiga magoti kwenye la Lovina mbele ya kijiji kizima, akasema kwa sauti ili wale wanaume sita wasikie:

"Hukumnyonya mtu, mwanangu. Ilikuwa baridi tu. Nilikusingizia, na nyama ilikuwa inaning'inia bandani kwangu."